Kaka, Imekwenda Bowling Green na Kurudi

Louisville, Kentucky
Jumatatu usiku

Kaka,

Nina usingizi wa siku mbili, na mikono bado inanuka petroli hata baada ya kuisugua kwa sabuni ya unga. Uliniambia kwenye simu niache kukupa habari kwa vipande, niketi niandike yote tangu mwanzo. Haya, nimeketi.

Kwanza lile ulilokuwa unalisubiri: imefika. Malibu ya jirani yangu imekwenda Bowling Green, kama kilomita 180, na imerudi, kwa injini tuliyoipandikiza mimi na yeye nyuma ya nyumba yake. Haikuvutwa kwa kamba, haikusukumwa, haikuchemsha. Njiani tulishikwa na hofu mara moja tu, nayo nitakusimulia.

Nikukumbushe gari lenyewe. Ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1968, milango miwili, paa limelala hadi kwenye buti kwa mstari mmoja. Boneti ni ndefu mno. Ukikaa kwenye usukani unahisi upo kwenye jahazi unatazama omo. Wamarekani huyaita magari ya jamii hii magari ya misuli. Nyumbani mtu akisikia V8 anafikiria shangingi la mkubwa wa serikali, jeupe, vioo vyeusi. Huku, enzi hizo, V8 lilikuwa gari la kijana aliyeanza kazi kiwandani na kupata mkopo. Aliyelinunua hili jipya ni marehemu kaka yake Mzee, jirani yangu. Alipougua alilisukumia gereji akafunga mlango, na Mzee alipokuja kulifungua miaka mingi baadaye alikuta panya wamezaliana ndani ya kiti cha nyuma.

Injini iliyokuja nalo ni ile wanayoiita 307. Hiyo ni hesabu yao ya inchi za ujazo. Kwetu ni lita 5. Kiwanda kiliitangaza kuwa ina nguvu za farasi 200, lakini miaka ile walipima injini ikiwa tupu juu ya stendi, haijabebeshwa mizigo ambayo huibeba ikiwa garini. Kuanzia magari ya 1972 ndipo walipoanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vikorokoro vyake vyote, na namba zikashuka ghafla hata kwa injini ambazo hazikubadilishwa kitu. Nyuma yake kulikuwa na giaboksi ya otomatiki ya gia mbili, Powerglide. Mbili tu, kaka. Ya kuondokea na ya kwendea.

Tulipoiwasha ile 307 ilitoa moshi wa buluu, na silinda ya sita ilikuwa haina mgandamizo wa maana. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, ule ule ambao mimi na wewe tumeuacha kiporo nyumbani.

Rafiki zake Mzee walikuja mmoja mmoja kumsihi asiitoe. Sababu yao ni namba. Kuanzia mwaka huo huo wa 1968 kampuni ya General Motors ilikuwa inagonga sehemu ya namba ya chasisi kwenye bloku ya injini, kwa hiyo mtu anaweza kuinama na tochi akathibitisha kwamba injini hii ilizaliwa na gari hili. Gari ambalo namba zake zinaoana lina thamani kubwa kwa wanunuzi. Kwetu pia namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, lakini sisi tunaiogopa kwa sababu ya askari na makaratasi. Hawa wanaipenda kama watu wanavyopenda nasaba.

Mzee aliwasikiliza wote, akawapa kahawa. Baadaye tulipobaki wawili akaniambia kwamba kaka yake hakulinunua gari hili liangaliwe. Alilinunua limpeleke kwa mchumba wake kusini mwa jimbo kila Jumamosi. Sikuongeza neno. Kesho yake tuliifunga cheni bloku kwenye boriti ya gereji.

Nami nina hoja yangu, ambayo naomba uisikilize vizuri maana nitairudia huko mwisho. Haya magari ya misuli yenyewe yamezaliwa kwa kupandikiza. Mwaka 1964 General Motors ilikuwa na sheria ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Pale kitengo cha Pontiac, John DeLorean na wahandisi wenzake wakachukua injini ya 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ikifungwa kwenye magari yao makubwa, wakaitia kwenye Tempest. Hawakuitangaza kama gari jipya. Waliiita nyongeza ambayo mteja anaweza kuiagiza. Ndiyo GTO hiyo. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 32,450, na wengine wote wakafuata. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kutia injini ya gari lingine kwenye Chevelle ni kulivunjia heshima, namuuliza: heshima ya nani? Waliolianzisha jambo hili walikuwa wakifanya hicho hicho, ila wao walikuwa na kiwanda.

Injini tuliyoichagua ni ya ukoo huo huo. Chevrolet walitoa V8 yao ndogo mwaka 1955, lita 4.3, na kutoka kitovu cha silinda moja hadi kitovu cha jirani yake ni inchi 4.4, karibu milimita 112. Mwaka 1997 walipoleta injini mpya kabisa kwenye Corvette, ile LS1 ya lita 5.7, walibadilisha karibu kila kitu ila kipimo hicho. Kamshafti bado iko tumboni mwa bloku na inasukuma valvu kwa fito, kama injini za zamani. Ndiyo maana ni ndogo. Injini zenye kamshafti mbili juu ya kila hedi zina nguvu, sikatai, lakini ni pana kama kabati, haziingii kwenye shimo la gari la zamani bila kukata. Hii inaingia. Hata bolti zinazoishikilia na giaboksi zimepangwa karibu sawa na za babu yake, imepungua moja tu.

Na uzuri wake mkubwa ni kwamba haikubaki kwenye Corvette. Kuanzia magari ya 1999 waliitia kwenye pikapu na magari ya familia, bloku ya chuma cha kusubu badala ya alumini, lita 4.8, 5.3 na 6. Zimetengenezwa kwa mamilioni. Zimejaa kwenye yadi za vyuma chakavu kama vile injini za Hiace zilivyojaa huko kwetu. Yetu ni ya lita 5.3, tumeitoa kwenye Silverado ya 2002 iliyogongwa kwa nyuma, na ilinunuliwa kwa bei isiyozidi ya simu mpya. Nguvu za farasi 285, zilizopimwa kwa njia ya sasa, na giaboksi yake ya gia nne. Nilichagua ya 2002 makusudi: pedali ya mafuta bado inavuta waya wa kawaida. Za 2003 na kuendelea pedali inaongea na kompyuta kwa umeme, na hapo unajitafutia kazi ya pili.

Sasa kazi. Kutoa ya zamani ilikuwa asubuhi moja. Kuiweka mpya ilituchukua miezi saba ya Jumamosi.

Kikwazo cha kwanza ni sampu. Pikapu iko juu, kwa hiyo sampu yake inaning'inia chini sana. Ukiifunga kwenye Chevelle inapita chini ya boriti ya mbele ya chasisi. Tuta moja tu la barabarani lingeipasua, oili yote ikabaki pale. Tukanunua nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, fupi kwa mbele na yenye tumbo kwa nyuma. Tukashusha injini, ikakaa vizuri kabisa kwenye mauntingi. Tukapeana mikono.

Mimi nikasema ngoja. Nilikukumbuka wewe, siku ile uliyonizuia nisifunge injini ya Isuzu ya mteja mpaka usukani uzungushwe mwisho mpaka mwisho. Nikaenda kuomba udongo wa kuchezea kwa mwanangu, ule laini wa rangi. Nikabandika donge la kijani kwenye sampu, pale karibu na kile chuma kinachovuta magurudumu ya mbele usukani ukigeuka. Mzee akapanda, akazungusha kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Nikalala chini na tochi. Upande wa kushoto udongo ulikuwa mzima. Upande wa kulia ulikuwa umebanwa hadi ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, na alama ya bolti imechapwa katikati yake. Maana yake injini ikitikisika kidogo tu, chuma kinasugua sampu, na siku moja kwenye kona usukani unakataa. Tukainyanyua tena injini, tukabadilisha pleti za mauntingi, tukairudisha nyuma inchi moja. Nikabandika donge jipya. Likatoka na unene wa kidole. Hilo donge la kijani nimelihifadhi kwenye kopo, nitakuletea ulione.

Kurudisha injini nyuma kulisogeza na giaboksi, kwa hiyo propela ilikatwa na kupimwa upya kwa mtu mwenye mashine ya kuibalansi. Hapo sikujaribu ujanja.

Petroli nayo. Kabureta ya zamani ilitosheka na presha ya pauni tano hadi saba kwa inchi ya mraba, pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini ilimaliza kazi. Hii mpya inapulizia petroli kwa nozeli na inataka pauni 58. Ukitumia mipira ile ile ya zamani na klipu zake za kusokota, unatembea na moto. Tulibadilisha yote, kuanzia tangi, ambalo sasa lina pampu ndani yake, hadi mbele. Halafu tukatumia filta ya Corvette za kuanzia 1999 ambayo ina kidhibiti cha presha tumboni mwake: petroli inaingia, inayohitajika inakwenda mbele kwa presha ile ile ya 58, inayozidi inarudi tangini. Kitu kidogo kama kopo la maziwa, lakini kimetuondolea maumivu makubwa ya kichwa.

Na maji. Hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu, kwa sababu nimeona injini mbili nzuri zikifia hapo. Hizi injini zina vitundu vidogo kwenye hedi, sehemu ya juu kabisa, vya kutolea mvuke. Mvuke unakusanyika pale, na kama hauna njia ya kutokea, maji hayafiki, hedi inaungua upande mmoja huku geji inakuonyesha salama. Watu wanaona kile kibomba chembamba hakina pa kwenda kwenye gari la zamani, wanakiziba. Usikizibe! Tulitoboa sehemu ya juu ya rejeta, tukachomelea nipeli ndogo, tukaunganisha mpira. Ndiyo maana nimekwambia haikuchemsha.

Nyaya sitazieleza sana kwa sababu zilinichosha hata kuziangalia. Hakuna distribyuta tena. Kila plagi ina koili yake, nane, nne kila upande, na kompyuta ndiyo inayoamua nani awake lini. Hata mpangilio wa kuwaka si ule wa zamani. Ile ya babu ilikwenda 1-8-4-3-6-5-7-2, hii inakwenda 1-8-7-2-6-5-4-3. Mzee anasema anaisikia tofauti hiyo kwenye mngurumo. Mimi siisikii, lakini masikio yake yamekaa na V8 miaka sitini, naamini anachosema.

Siku ya kuiwasha alikuja mkewe Mzee na kiti chake, akaketi nje ya gereji. Nikazungusha ufunguo. Ikawaka mara moja, safi, sekunde mbili, ikazima. Nikarudia. Sekunde mbili, kimya. Mara kumi hivi. Presha ya petroli ipo, moto upo. Tulikaa hapo mpaka giza. Mzee hakusema lolote, alikuwa anafuta tu spana moja kwa kitambaa, spana iliyokwisha kuwa safi. Usiku nikiwa kitandani ndipo ikanijia: kuwaka halafu kuzima baada ya sekunde mbili si ugonjwa, ni kufuli. Ile kompyuta bado ilikuwa inatafuta ufunguo wa Silverado yake na inadhani tumeiiba. Mtu tuliyemtumia aifungue hakuiondoa ile kinga. Ikarudi kwake, wiki mbili, ikaletwa. Nikazungusha ufunguo. Kaka, haikuzima. Mama yule akainuka kitini akaweka mikono yote miwili kichwani.

Basi safari. Tuliondoka Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukashika barabara kuu namba 65 kwenda kusini. Kisheria unaruhusiwa maili 70 kwa saa, kilomita kama 113. Kwa giaboksi ya zamani na gia za ekseli hii, mwendo huo ungeidai injini mizunguko zaidi ya 2,700 kwa dakika, inalia njia nzima. Sasa gia ya nne ikiingia inashuka chini ya 2,000, na mnaweza kuongea bila kupaza sauti. Mzee alikaa kimya mpaka tumepita Elizabethtown. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Nakusikia unavyopumua.” Kwenye gari hilo halijawahi kusikika jambo kama hilo.

Kusini zaidi ukiingia wilaya ya Hart saa zinarudi nyuma saa nzima, kwa sababu Kentucky imegawanywa na mstari wa majira. Tumevuka mto Green pale Munfordville, mimi ndiye niliyeshika usukani, mara sindano ya presha ya oili ikaanguka sifuri. Haikushuka pole pole, ilianguka. Nilizima injini papo hapo nikaliacha gari lijivute pembeni. Usukani ukawa mzito kama nazungusha jiwe la kusagia. Malori yanatupita, gari lote linatikisika. Nikachomoa kijiti cha oili: imejaa, safi. Nikalala chini: sampu kavu, hakuna tone. Ile sensa ya oili kwenye injini hizi iko nyuma kabisa, juu, imejibanza karibu na ukuta wa abiria, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida. Nikaingiza mkono nikaungua, nikautoa, nikauzungushia fulana, nikaingiza tena. Waya ulikuwa umechomoka. Sikuusikia ukifunga “ka” siku ile nilipouchomeka, nikadhani umeshika. Nikausukuma, ukasema “ka”. Tukawasha, sindano ikapanda. Mzee akamimina maji ya chupa juu ya vidole vyangu, tukaendelea.

Ukipita hapo unaingia nchi ya mapango. Chini ya ardhi hiyo kuna Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilomita 680 zimepimwa. Wewe uliyekuwa unanipeleka Amboni nikiwa mdogo na kunitisha kwamba kuna njia inayotokea Mombasa, ungefurahi. Ardhi yote ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji. Pembeni mwa barabara, pale Bowling Green, kuna jumba la makumbusho ya Corvette, lenye paa la manjano mfano wa pia iliyopinduliwa. Alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014 sakafu yake ilifunguka, Corvette nane zikazama shimoni. Hakukuwa na mtu ndani, Mungu mkubwa. Tulilipitia Jumamosi. Tatu zimetengenezwa zikawa kama mpya. Tano wamezionyesha kama zilivyotoka, na mbele ya hizo nilisimama muda mrefu kuliko mbele ya zile nzuri: fremu imejipinda, kiti kimejaa udongo mwekundu. Magari hayo yanaundwa mji huo huo tangu 1981.

Tulichokwenda kukiona ni mkutano wa kila Septemba wa watu wa injini hizi za LS, kwenye uwanja wa mbio wa Beech Bend, karibu na mto Barren. Wanaouandaa ni Holley, kampuni ya makabureta, ile iliyowatengenezea hata Ford Model T. Leo inauza kompyuta na nozeli kwa watu wanaotoa kabureta. Tulifika saa mbili asubuhi ya huko, saa yangu ya mkononi ikisema saa tatu.

Sijui nianzie wapi. Nimeona Mazda RX-7 yenye injini hii, Datsun, Volvo ya familia, jipu, hata lori la mwaka arobaini na kitu. Kuna wanaokimbia robo maili, mita 402, wawili wawili, na ardhi inatetemeka mpaka kifuani. Kuna wanaopita katikati ya koni kwa kona kali. Lakini nilichopenda zaidi ni eneo la kuegesha. Kila boneti imefunguliwa, kila mtu ameinama kwenye injini ya mwenzake, na hakuna aliyeficha kitu. Bibi mmoja wa umri wa mama yetu, mwenye Nova ya 1972, alinionyesha jinsi alivyohamisha altaneta yake chini ili boneti ifunge, akanichorea kwenye mgongo wa risiti. Risiti ninayo.

Na nani alikuja kutukuta? Kijana aliyekuwa anaelekeza magari, kizibao cha rangi ya chungwa. Aliniangalia, akaniangalia tena, akasema, “Papa, hii motokari iko na moteri mupya?” Mtu wa Uvira! Bowling Green wapo wengi kutoka Kongo na Burundi, waliletwa huko kama wakimbizi, wanafanya kazi viwandani. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa akitengeneza malori ya mizigo kule ziwani, na kwamba injini ya kutoka gari lingine ndiyo ilikuwa injini ya kawaida, hakumbuki kuona lori lenye injini yake ya kuzaliwa. Nikamtafsiria Mzee. Mzee akamwita aingie akae kwenye usukani, akampa ufunguo, akamwambia awashe. Yule kijana aliwasha akafumba macho.

Mzee aliingia kwenye robo maili mara moja tu, Jumamosi jioni. Hakushinda, hakwenda kushinda. Aliyeshindana naye alikuwa msichana mwenye Camaro nyeupe iliyomwacha mbali. Aliporudi alizima injini, akabaki amekaa ndani na mikono juu ya usukani. Nilimpelekea maji. Akaniambia kwamba kaka yake alikuwa akizungumzia uwanja huu miaka yote, na hakuwahi kulileta gari kwa sababu aliogopa halitafika.

Ile 307 haijatupwa, kaka, na hili ndilo nililotaka ulijue. Mzee ameisafisha, ameziba matundu yote kwa mkanda, ameimwagia oili silindani, imekaa juu ya stendi kwenye kona ya gereji chini ya shuka. Namba yake inasomeka. Anayetaka kuirudisha siku moja ataikuta, na kwenye chasisi na bodi ya Malibu hatukukata chuma hata kimoja. Kila kitu kimefungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwepo.

Ndiyo narudi kwenye lile letu. Land Rover ya baba imekaa chini ya mwembe mwaka wa tisa. Kila nikikutajia injini ya 3L ya Hiace unaniambia halitakuwa gari la baba tena. Ninakuheshimu, wewe ndiye mkubwa, na bila neno lako sitagusa bolti. Lakini baba hakuliacha liwe banda la kuku. Alikuwa anatupeleka nalo Pangani, tunakumbuka wote, mbuzi nyuma, mama mbele.

Nakuomba kitu kimoja tu kabla sijaja Desemba. Chukua futi, lala chini, unipimie kutoka chini ya injini mpaka juu ya difu ya mbele. Usipime likiwa limesimama tu. Liweke jeki kwenye ekseli, upande mmoja kisha wa pili, springi zibanwe mpaka mwisho, ndipo upime. Halafu kutoka uso wa giaboksi mpaka rejeta. Na uniangalizie kama namba ya injini bado inasomeka, usiikwangue kwa brashi ya waya, tumia mafuta ya taa na kitambaa.

Pleti ya kuunganisha giaboksi nitaichonga huku, Mzee amesema mashine yake ipo. Nipe vipimo kwa milimita.

Msalimie shemeji sana. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako.